Mwaka Mzuri wa Ukame

Kaskazini ya Adelaide, Australia
9 Juni 2025

Seeddi Abshir,

Assalamu alaykum. Natumai nyumba ni nzima, mkeo Kaltun na watoto, na Leyla. Mimi ni mzima. Huku baridi imeingia. Asubuhi nyasi ni nyeupe kwa umande ulioganda, na kazini navaa glavu mbili mbili. Sina habari nyingine kuhusu mwili wangu.

Naandika kwa jambo moja. Binti yangu Leyla anamaliza kidato cha nne mwezi wa Novemba. Mwajiri ameniambia nikipata mkataba wa kudumu nitaweza kumleta huku akae nami. Serikali ya huku inataka mlezi wake wa Kenya akubali kwa maandishi. Mlezi ni wewe. Tangu Amran alipofariki umemlea mtoto wa dada yako kama wako, na sijawahi kukushukuru inavyopasa. Fomu nimeiambatanisha. Pahali pako pa kusaini ni chini, upande wa kulia.

Lile shamba la ngamia lililonileta huku lilifungwa mwaka jana, kama nilivyokuambia. Sasa niko kwenye shamba la zabibu.

Nisalimie wote.

Shemeji yako,
Galgallo

*

Garissa
14 Juni 2025

Seeddi Galgallo,

Wa alaykum salaam. Nimeisoma barua yako nikitafuta habari ndani yake kama mtu anayetafuta nyama kwenye mchuzi wa hoteli ya stendi. Mtu yuko ughaibuni miaka yote hii, anaandika barua ina glavu na fomu! Kweli ni wewe? Wewe Mborana wa Modogashe uliyeingia bwenini hujui neno la Kisomali, na mimi sijui la Kiborana, tukagombana kwa Kiswahili mpaka walimu wakadhani tunafanya mazoezi ya mdahalo? Wakati ule ulikuwa na maneno. Uliniita mbuzi mwenye miwani. Uliniambia nimesoma vitabu vingi ili nipate njia nyingi za kukosea. Leo unaniandikia kama karani wa maji.

Haya, habari za huku. Wiki hii gazeti limetoa makala yangu juu ya baa mpya iliyofunguliwa nyuma ya nyumba za maafisa. Nimeandika kwamba aliyetoa leseni ile anajua fika mji huu ni wa nani, na kwamba kuita pombe "maendeleo" ni kuuza kidonda na kukiita mwili. Nimepigiwa simu za matusi kutwa nzima. Nimefurahi sana.

Leyla ni wa kwanza darasani kwa kemia. Hasemi. Akija likizo anakaa jikoni na kitabu chake. Kaltun anasema mbona anaongea vizuri tu. Basi labda anaongea na Kaltun.

Watu wa msikitini nimewatangazia kwamba seeddi wangu, mume wa marehemu dada yangu, analima zabibu kavu, zile za kutia kwenye pilau. Shuaib mwenye duka anauliza kama utamtumia gunia, aseme zimetoka moja kwa moja kwa mkulima.

Nitasaini. Kwa nini nisisaini? Mtoto ana baba. Lakini mimi ni mtu wa maswali, unanijua. Zabibu hizo zikishavunwa zinakwenda wapi?

Abshir

*

Kaskazini ya Adelaide
21 Juni 2025

Seeddi,

Zinakwenda kwenye mvinyo. Mwambie Shuaib asisubiri gunia.

Sikukuambia kwa sababu hukuuliza. Sasa umeuliza, nakueleza yote.

Nilianza kwa kuchuma. Kisha bibi anayeongoza meza ya kuonja akasikia kwamba kule kwenye ngamia nilikuwa nikionja maziwa na kusema mnyama amekula kichaka gani. Akaniita mezani. Tunakaa watu wachache, kila mmoja na glasi zake na ndoo yake. Unanusa, unaonja, unatema kwenye ndoo, unasema ulichopata, mwingine anaandika. Nikikaa vizuri kwenye meza hiyo ndipo mkataba wa kudumu utakuja. Mimi ninatema. Nataka ulijue hilo.

Mvinyo wenyewe ni mwekundu, wa bei nafuu, mchanganyiko wa zabibu za aina tatu: shiraz, grenache na mataro. Si kinywaji cha matajiri. Ni cha fundi wa mabomba anayepita dukani Ijumaa jioni, kuku wa kuchoma mkono mmoja, chupa mkono wa pili. Lakini mavuno ya safari hii wanayasifu. Wanasema ni mwaka mzuri, na kwamba hata chupa ya bei ya chini itakuwa na ladha ya chupa ya bei kubwa. Nilimuuliza bibi kwa nini mwaka huu ni mzuri. Akasema: kwa sababu mvua haikunyesha. Mzabibu ukikosa maji unazaa tunda dogo, ganda nene, ladha nzito.

Nilinyamaza. Unajua mimi nilizaliwa mwaka gani wa ukame na ng'ombe wa baba yangu walikwenda wapi. Sikumbuki mtu aliyeuita mwaka ule mzuri.

Siku ya kwanza nilionja nikasema: zambarau iliyoiva sana, pilipili manga, uchachu kidogo kama wa ukwaju, na mwishoni ukakasi unaobana ulimi kama ganda la ndizi mbichi. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hayo yote yalikuwemo kweli. Lakini niliyataja kama mtu anayesoma vibao vya barabarani. Modogashe. Isiolo. Punguza mwendo. Ulimi unajua, mimi simo. Tangu Amran alipokufa chakula kwangu ni cha moto au cha baridi, kigumu au laini. Basi.

Naomba ile fomu.

Galgallo

*

Garissa
25 Juni 2025

Galgallo,

Leo sikuiti seeddi.

Mvinyo! Mimi nasimama hadharani natukanwa kwa ajili ya baa moja yenye viti vya plastiki, kumbe nyumbani kwangu mwenyewe nina mtu anayetengeneza pombe kwa matangi! Nimewatangazia watu zabibu za pilau! Unajua Shuaib ameshaandaa na ndoo za kuzipimia?

Unajitetea kwamba unatema. Tufanye mjadala basi, maana hilo bado unalimudu. Wanaolaaniwa kwa pombe si wanywaji peke yao. Yumo anayeikamua, yumo anayeibeba, yumo anayeiuza. Wapi umesoma kwamba yule anayeionja ili mwingine ainywe vizuri zaidi amesalimika? Wewe ndiye unayeiremba! Wewe ndiye unayemshauri kinyozi wa shetani akate wapi! Haramu haina mlango wa nyuma wa kutemea, bwana.

Na nchi gani hiyo inayosherehekea ukame? Huku kutoka Kutulo mpaka Liboi watu wanazika mifugo na kuhesabu mawingu, huko watu wazima wanakaa mezani wanasema ahsante Mungu haikunyesha, ulevi wetu utakuwa mtamu. Na wewe, mtoto wa mfugaji, ukanyamaza. Hukummwagia mtu hata glasi!

Uliishika mikono ya baba yangu ukatamka shahada kabla hajakupa binti yake. Mimi nilikuwa shahidi. Hakuna aliyekulazimisha. Ulisema unataka kuingia nyumba hii kwa mlango wake.

Kuna jambo jingine, na nilikuwa nimelikalia. Dada yangu alipokufa hukulia. Tulimzika kabla ya alasiri kama inavyotakiwa, ukafika siku mbili baadaye na begi lako dogo, ukakaa mkekani na wanaume, ukanywa chai, ukaitikia "amin" kila ilipohitajika. Watu waliniuliza: huyu Mborana ana moyo? Nilikutetea. Nilisema ni uchovu wa ndege. Sasa unaniandikia msiba wa Amran kama taarifa ya hali ya hewa, moto au baridi, halafu sentensi inayofuata ni fomu.

Sisaini. Mtoto wa dada yangu hatalala chini ya paa lililoezekwa kwa mvinyo.

Abshir

*

Kaskazini ya Adelaide
19 Julai 2025

Seeddi,

Wewe uniite utakavyo.

Ningeweza kukujibu. Ningeweza kusema kwamba mtu anayetafuna miraa kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, akaandika makala dhidi ya ulevi huku shavu limemvimba kama aliyeng'olewa jino, angepunguza sauti. Zamani ningeliandika hilo kurasa tatu. Sasa nimeliandika kwa sababu unalitegemea.

Nimeondolewa mezani. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu inamhusu dada yako.

Tuliwekewa glasi za matangi mbalimbali ya mavuno ya mwaka huu, ili tuchague yapi yaingie kwenye ule mchanganyiko. Nilipitia glasi za kwanza kama kawaida. Zambarau, pilipili, ukakasi. Kisha nikainua moja, na kabla haijafika mdomoni nikakaa sawasawa kwenye kiti.

Ilikuwa dhiil ya Amran, chombo chake cha maziwa. Ile aliyoletewa na mama yenu siku ya harusi. Unakumbuka alivyoifanya kila asubuhi kabla ya maziwa: anachukua kijinga cha moto cha mti wa mareer, sisi Waborana tunauita madeera, anakiingiza ndani kikiwa chekundu, anasugua pande zote, anafunika ili moshi ukae. Nyumba nzima inajua maziwa yanakuja. Kwenu na kwetu ni mamoja: chombo kisichofukizwa ni kichafu, na mtu akikuletea maziwa yasiyo na moshi amekudharau.

Bibi akaniuliza, "Galgallo, unapata nini?"

Nikasema, "Chombo safi."

Akasema, "Samahani?"

Nikasema, "Chombo safi. Hili ndilo tangi bora." Nikalipatia alama za juu kuliko yote.

Wenzangu wote walikuwa wameliandika kuwa bovu. Mwanzoni mwa mavuno jirani alichoma vichaka, moshi ukatanda juu ya sehemu moja ya mizabibu kutwa, ukaingia kwenye maganda. Kwao hiyo ni ila kubwa, tangi zima huharibika kwa hilo. Mmoja akacheka, akadhani natania. Bibi hakucheka. Alichanganya glasi upya nisizione, akanipa tena. Nikachagua ile ile. Akanipa mara ya tatu.

Mara ya tatu sikutema.

Najua hilo ni nini. Sikuandikii ili unihalalishie. Nilitaka ishuke, ikashuka. Sikulia, kama ulitaka kujua. Lakini mchana ule nilikula viazi nikagundua vina chumvi.

Bibi aliniambia kwa upole kwamba mtu asiyeona moshi kuwa kasoro hawezi kukaa meza ile, hasa huku ambako moto ni jambo la kila kiangazi. Ni haki yake. Hata hivyo kuna nafasi ya kuosha matangi na mapipa, na hiyo ni ya kudumu. Nimeikubali. Mvinyo wa lile tangi wameuuza kwa watu wanaotengeneza spiriti, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuliosha. Nililiosha kwa maji ya moto mpaka halikunuka chochote.

Mkataba ninao. Ombi langu la fomu liko pale pale.

Galgallo

*

Garissa
2 Agosti 2025

Seeddi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kalamu mkononi, nimeshapanga hoja ya kwanza mpaka ya mwisho. Ulipofika kwenye glasi ya tatu nilikuwa na neno kali, zuri sana, ungeumia. Sikuliandika.

Nilifungua vitabu. Unajua ninavyo vingi na navisoma vyote, hata vya watu ninaowachukia. Nimekuta hukumu ya anayekunywa kwa kiu, kwa ugonjwa, kwa kulazimishwa, kwa kutojua. Sikuona mlango wowote unaozungumzia mtu aliyemkuta mkewe ndani ya haramu. Nilikasirika na waandishi wa vitabu. Kisha nikaenda jikoni, nikamuuliza Kaltun dhiil ya Amran iko wapi. Akaniambia iko juu ya kabati, anawekea vifuniko vya sufuria. Sisi hapa tunakunywa maziwa ya pakiti.

Tubia. Hilo nalisema na sitalirudia.

Umeshushwa cheo, umepanda dini: kuosha tangi ni kazi nisiyoweza kuipinga vizuri, ingawa nimejaribu. Na miraa sijaiacha, kwa hiyo usijisifu.

Fomu nimesaini. Nilimwekea Leyla mezani nikamwambia, haya, unakwenda kwa baba yako. Ameitazama, akanyanyuka, akaenda zake. Sijui maana yake. Mimi nawaelewa watu wanaobishana, huyu habishani.

Fomu ninayo hapa. Nitaituma akisema neno.

Abshir

*

Garissa
16 Agosti 2025

Aabo,

Salaam alaykum. Nimepata anwani yako kwa simu ya mjomba, Abti. Sikumuomba ruhusa.

Abti ana tabia moja: akikasirika anasoma barua kwa sauti huku anazunguka uani. Kwa hivyo barua zenu zote nimezisikia. Majirani pia. Mama Rukiyo wa ng'ambo ya ua juzi ameniuliza kama tangi bado linanuka.

Nimesikiliza vizuri sana. Kuna mvinyo. Kuna miraa. Kuna ukame, shahada, nani alilia na nani hakulia. Mimi nimo kama fomu. "Pahali pako pa kusaini ni chini, upande wa kulia." Hiyo ndiyo mimi. Hakuna aliyeuliza kama nataka kwenda, au kama nataka kubaki. Abti akaniwekea karatasi akasema unakwenda, vile mtu anaambiwa gari imejaa.

Hujaniandikia hata mara moja tangu Mama aondoke. Unapiga Idd, unauliza shule, nasema poa, unasema mpe Abti simu.

Na kuna kitu lazima ukijue, juu hamkijui nyote wawili na mnakipigania. Ile likizo yako ya mwisho Mama akiwa hai, magoti yake yalikuwa yameshaisha. Hangeweza kuinama kwa moto. Dhiil nilikuwa naifukiza mimi. Siku ya kwanza uliinywa yote, ukasema hakuna mkono kama wa Amran hapa duniani. Mama alinikonyeza. Ulipotoka akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Usimwambie, muache afurahi." Sikukuambia. Siku zote ulizokaa, uliyokuwa unakunywa ni yangu.

Sijui kwenye lile tangi ulimpata nani. Labda moshi ni moshi tu, kemia ndiyo inasema hivyo. Lakini kama ulipata mkono wa mtu, huyo mtu yuko hapa na ako hai na hujawahi kumuuliza anaendeleaje.

Sitasema ndiyo na sitasema hapana kwa karatasi. Kama unataka jibu, niandikie barua. Mimi, si Abti. Na usiweke fomu.

Leyla Galgallo

*

Kaskazini ya Adelaide
22 Agosti 2025

Leyla binti yangu,

Unaendeleaje?

Nimelikalia swali hilo siku nzima, na sasa nimeliandika. Ya pili: unataka kuja, au unataka kubaki? Yote mawili nitayapokea. Ukibaki, sitakuwa na hasira na wewe wala na Abti yako, na mimi mwenyewe nitatafuta njia ya kurudi, ingawa sijui kurudi kufanya nini.

Nilisoma habari ya dhiil mara nyingi. Mama yako alinicheka na sikujua. Hilo limenipendeza. Sijui niliseme vipi zaidi. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda na nikafungua mdomo kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu.

Nikueleze huku kulivyo ili usidanganyike. Nyumba ni ya vyumba viwili, dirisha la kimoja linaangalia barabara na la kingine linaangalia mizabibu iliyokatwa, kwa sasa ni vijiti tu. Msikiti uko mbali, tunakodi gari na Waafghani wawili kila Ijumaa. Wasichana wenye hijabu hapa ni wachache, watu hutazama kisha huzoea. Chuo kipo mjini, na kemia ya huko wanaisifu, bibi wa meza ya kuonja alisoma hapo. Watu ni wapole lakini hawaji nyumbani bila kupiga simu.

Na mimi ukinikuta, utamkuta mtu anayejibu polepole. Bado sijarudi vizuri. Baadhi ya siku chakula kina ladha, baadhi hakina. Nikikaa kimya mezani si kwamba nimekukasirikia. Nilifikiri nikikuleta huku ndipo nitajua la kukuambia. Naona nimeanzia mwisho.

Unapenda kula nini siku hizi? Unalala mapema au unasoma? Ni nani rafiki yako? Sijui chochote kati ya haya. Niambie lolote utakaloona linafaa.

Sikuweka fomu.

Baba yako,
Galgallo

*

Garissa
25 Agosti 2025

Aabo,

Naendelea vizuri kidogo. Rafiki yangu anaitwa Amino, anataka kuwa rubani na anaogopa ngazi. Silali mapema. Napenda anjera na chai ya tangawizi, na sipendi viazi, kwa hivyo hivyo vya chumvi utakula mwenyewe.

Barua yako Abti aliiomba aisome. Nimekataa. Amenuna kutwa, kisha akaja kusema ni haki yangu kisheria na akanieleza sheria yenyewe kwa muda mrefu.

Leo shule inafunguliwa, nina mtihani wa mock wiki ijayo na sina muda wa kuandika mrefu.

Nikimaliza mtihani nitakuja. Sijasema nahamia. Nataka chumba cha upande wa mizabibu, na unichukue kiwanja cha ndege wewe mwenyewe, si hao Waafghani, hata kama ni wapole. Nitakaa mpaka matokeo yatoke. Baada ya hapo nitaamua mwenyewe, na nyote wawili mtajulishwa.

Leyla